Jinsi ya kuanzisha kikundi cha michezo mtaani kwa watu wenye ulemavu wa akili

Mtaa wowote wa Dar es Salaam, ukiuliza kama kuna mtu mwenye ulemavu wa akili, jibu la kwanza huwa "hapa kwetu hakuna." Ukikaa kidogo, mtu wa pili atakwambia, "Labda yule wa nyumba ya nyuma, lakini yule hatoki." Mwongozo huu unamhusu huyo asiyetoka.

Nimeuandika nikimfikiria mwalimu, mzazi au kijana anayeweza kutoa saa mbili kila Jumamosi, asiye na ofisi wala mfadhili. Mifano ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko nilikofundishia. Msomaji wa Kenya atabadilisha vyeo tu: badala ya mwenyekiti wa mtaa atakwenda kwa chifu na mzee wa nyumba kumi.

Ukubwa wa jambo usikutishe. Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alifungua kambi ya michezo ya watoto kwenye uwanja wa nyumba yake huko Maryland, Marekani. Miaka sita baadaye, Julai 20, 1968, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics, michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu wa akili, katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, na wanamichezo wapatao 1,000 walishiriki. Yeye alianza na bwawa la kuogelea nyumbani. Wewe bwawa huna, ila uwanja wa shule ya msingi unao.

Hatua ya 1: Nyoosha maneno

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu mzima aliyekuwa mzima wa afya mwaka jana, akatibiwa akapata nafuu. Ulemavu wa akili huanza mapema maishani: mtu hujifunza polepole, na mambo ya kila siku kama kuhesabu chenji, kupanda daladala peke yake au kufuata maelekezo marefu humshinda au humchukua muda. Hauna dawa, wala mtu hahitaji dawa yake ndipo akimbie. Usonji (autism), sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na kromosomu ya ziada) na mtindio wa ubongo (cerebral palsy) vinaweza kuandamana nao, lakini kila kimoja ni jambo lake. Wapo wenye mtindio wa ubongo ambao kinachosumbua ni viungo tu, akili imekamilika.

Taahira, zezeta, punguani: wasaidizi wako wayaache maneno hayo huko huko, hata kwa utani. Lipo na kosa jingine tunalolifanya sisi wenye nia njema, la kumwita "mtoto" mtu wa miaka 34. Kama umri wake ni wa kuamkiwa shikamoo, mwamkie.

Hatua ya 2: Watafute majumbani

Tangazo la kubandika ukutani halitakuletea mtu. Nimejaribu. Walikuja watoto wa mtaa wakitaka jezi.

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akutambulishe kwa wajumbe wa mashina, maana mjumbe anazijua nyumba moja baada ya nyingine na anajua nani analala chumba cha uani. Kisha mtafute mwalimu wa kitengo. Shule kadhaa za msingi zina kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na Dar es Salaam zipo shule zinazojulikana kwa kazi hiyo kama Sinza Maalum na Uhuru Mchanganyiko. Mwalimu wa kitengo atakupa wanafunzi wa sasa, ila wewe muulize waliomaliza. Hao ndio wenye shida zaidi: shule ikiisha, wengi hurudi ndani na mlango unafungwa. Zanzibar, Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili ina wanachama mijini na mashamba, hivyo anzia kwao. Usimsahau muuguzi wa kliniki ya kifafa katika kituo cha afya, imamu na katekista.

Ukienda nyumbani kwa watu, nenda na mama mtu mzima wa mtaa huo. Usibebe fomu. Kamera ndiyo usiiguse kabisa. Familia hizi zimeshatembelewa na watu waliopiga picha, wakaahidi, wasionekane tena. Mazungumzo ya mlangoni mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo mama. Tumeelekezwa na mjumbe."

"Marahaba. Mmekuja kuandikisha tena?"

"Hapana mama, leo hatuandiki mtu. Jumamosi tunacheza pale shuleni, tumekuja kumwalika kijana wetu."

"Huyu? Huyu hawezi kitu."

Usibishane naye. Muulize tu kijana hupenda nini akiwa nyumbani, halafu kaa utazame. Mama mmoja aliniambia hivyo hivyo, na dakika tano baadaye akamtuma mwanawe bombani. Akarudi na ndoo mbili za lita ishirini, moja kila mkono, hata jasho halimtoki. Huyo leo ndiye anayerusha tufe mbali kuliko wote tulio nao.

Ukimaliza na mzazi, mgeukie mwenyewe. Mwalike kwa jina lake. Kama hazungumzi, mviringishie mpira uone atakachofanya. Akiusukuma mbali na kugeuka, siku hiyo amekataa, na wewe ukubali uje tena wiki nyingine. Mtu mzima halazimishwi kucheza ati kwa sababu mama yake amekubali.

Wazazi wana hofu nne na zote ni za kweli: atapotea njiani, atachekwa, kifafa kitampata mbele za watu, na binti atafanyiwa ubaya. Usiwaambie "msijali." Waambie unafanya nini kwa kila moja, kisha waombe waje wakae kivulini Jumamosi tatu za mwanzo wajionee.

Hatua ya 3: Karatasi moja kwa kila mchezaji

Hii ijaze kabla hajagusa mpira. Jina analopenda kuitwa, mwaka wa kuzaliwa, simu mbili za nyumbani, nani anaruhusiwa kumchukua. Kisha afya, na hapa tulia.

*Kifafa.* Ni kawaida kwa watu wetu hawa. Andika dawa anayotumia, saa anazokunywa, na dalili zinazotangulia. Baadhi ya dawa huleta usingizi, kwa hiyo anayeonekana mvivu huenda amemeza dawa saa moja iliyopita. Kikimpata uwanjani, tazama saa, ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo chini ya kichwa, na mara mitikisiko inapoisha mlaze kwa ubavu. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kitambaa wala maji mdomoni. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla fahamu hazijamrejea, ni bajaji na hospitali. Povu la kifafa haliambukizi, na hili liseme Jumamosi ya kwanza mbele ya wazazi wote, kwani bado wapo watakaomkimbia mtu akiwa chini kwa kuogopa mate yake. Kwenye maji, mwenye kifafa haingii bila msaidizi mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama yeye peke yake.

*Sindromu ya Down.* Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na hitilafu ya moyo. Muulize mzazi kama moyo umewahi kupimwa. Kama bado, mpeleke akapimwe kabla ya mbio. La pili linafahamika kwa wachache: pingili mbili za juu kabisa za shingo zinaweza kuwa legevu. Mpaka daktari aseme, hakuna kupiga mpira kwa kichwa, hakuna samasoti, kupiga mbizi wala judo. Ukiona mchezaji analalamika shingo, mwendo wake umebadilika, mikono inaishiwa nguvu, au ameanza kujikojolea na hakuwa hivyo, msimamishe siku hiyo hiyo aende hospitali.

Mstari wa mwisho wa karatasi andika anachokiogopa na kinachomtuliza. Ni mstari mdogo, lakini umetuokoa mara nyingi. Kijana wetu mmoja filimbi ya kwanza ilipolia alikimbia hadi kwao, akavuka barabara ya daladala. Siku hizi mbio tunazianzisha kwa kuangusha kitambaa chekundu.

Hatua ya 4: Wasaidizi, na ulinzi wao na wako

Msaidizi mmoja kwa wachezaji watatu au wanne hutosha, na wapo wachezaji watakaohitaji mtu wao peke yao. Wanafunzi wa sekondari ni wazuri kwa sababu wanacheza kweli na hawabembelezi. Ndugu wa wachezaji ni wazuri zaidi.

Kanuni ni hizi, na hazina ndugu wala rafiki. Hakuna msaidizi anayebaki peke yake na mchezaji: si chooni, si kwenye chumba cha kubadilishia nguo, si kwenye bodaboda ya kurudi nyumbani. Kila zoezi lenye wasichana liwe na wanawake wazima wawili. Unapotaka kumshika mtu mkono umwonyeshe namna ya kurusha, mwombe kwanza. Picha hazipigwi bila idhini. Mchezaji akionyesha dalili za kudhuriwa, iwe uwanjani au kwao, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ni mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bure. Usikubali jambo hilo limalizwe kifamilia, hata ukiombwa na wazee.

Hatua ya 5: Uwanja, saa, vifaa

Omba uwanja kwa mwalimu mkuu, kwa barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Siku iwe ile ile, saa ile ile, lango lile lile. Pwani, saa kumi jioni jua limeshalegea. Ukibadilisha siku mara moja tu, kuna mchezaji atakayekuja siku ya zamani na kukaa langoni peke yake hadi giza liingie.

Vifaa havina gharama kubwa: mipira miwili mikubwa na miwili laini, chokaa ya mistari, chupa za maji zilizojazwa mchanga badala ya koni, kamba ndefu, vitambaa vya rangi mbili, ndoo ya maji ya kunywa yenye koki, na sanduku la huduma ya kwanza.

Hatua ya 6: Fundisha kwa macho, halafu kwa mdomo

Mwalimu mgeni huongea mno. "Nataka ukimbie mpaka pale kwenye chupa, uizunguke, urudi umpe mwenzako kijiti." Hayo ni maelekezo manne, na la kwanza litakuwa limeshapotea ulipofika la tatu. Sema neno moja, onyesha, fanya pamoja naye, mwache afanye mwenyewe. Likikaa, ongeza la pili. Mazoezi yenyewe yawe na mpangilio usiobadilika: kusalimiana kwa duara, kupasha mwili, zoezi la siku, mechi, maji, duara la kuagana. Ukiona mchezaji ameshaanza kujipanga kwenye duara kabla hujasema, ujue mpangilio umemkaa.

Mbio huonekana rahisi kuliko mchezo wowote, lakini zina mitego yake. Wengi hupunguza mwendo wakifika kwenye mstari wa mwisho, au husimama juu yake kabisa, kwa kuwa ndivyo tulivyowaambia: kimbia mpaka mstarini. Msimamishe mtu anayempenda mita tano mbele ya mstari, mikono wazi, akimwita. Mwingine akitangulia humsubiri rafiki yake wavuke pamoja. Mwanzoni nililiona ni kosa nikalikemea. Sasa naliacha mazoezini, na naeleza kwamba siku ya mashindano kila mtu anakimbia kwa miguu yake. Anayetoka kwenye njia yake mwekee kamba mbili ardhini. Mbio za mita 50 zinatosha kwa miezi miwili ya mwanzo.

Katika mpira wa miguu shida ya kwanza ni goli. Lipi letu? Funga kitambaa cha rangi ya jezi kwenye goli mnaloshambulia, na katika wiki za mwanzo msibadilishane upande kipindi cha pili. Acha vijana wa mtaa waseme si sheria. Chandimu nayo ina sheria gani?

Kwa wasiopenda kukimbia, wazee na wenye viungo vizito, kuna boche, mchezo wa kuviringisha mpira ukaribie mpira mdogo uliotangulia. Huchezwa kwenye mashindano ya Special Olympics, na mtaani utatumia mipira minane ya ukubwa mmoja yenye uzito kidogo, minne kila rangi, na mmoja mdogo wa kulenga. Unahitaji utulivu na jicho. Nimeona bibi wa mchezaji akiingia kucheza na mjukuu wake akafungwa vibaya.

Sifia kitendo. "Safi, umeangalia mpira!" humfundisha, ila "hongera" ya kila dakika haimwambii kitu, na mwenyewe anajua ni ya kumridhisha.

Hatua ya 7: Shindanisha kwa haki

Hapa ndipo vikundi vingi huharibu. Huandaa "bonanza la wenye ulemavu," wageni rasmi wanakaa kwenye kanopi, kila mtu anakimbia na kila mtu anapewa medali. Aliyekimbia kwa bidii na aliyetembea wanavishwa sawasawa. Hiyo ni sadaka, na michezo haiendeshwi hivyo. Mwenye ulemavu wa akili anajua kushinda na anajua kushindwa, na ana haki ya vyote viwili.

Njia ya haki ni kuwapanga kwa viwango. Gawanya kwa jinsia, kisha umri, kisha uwezo. Wapime mita 50 mara tatu kwa siku tofauti, uchukue wastani. Kisha tumia kipimo ambacho Special Olympics imekitumia miaka mingi kama mwongozo: katika kundi moja, tofauti ya wa juu na wa chini isizidi kama asilimia 15, na kundi liwe na washindani kati ya 3 na 8.

Tuseme una wanaume vijana tisa wenye sekunde hizi: 9.2, 9.8, 10.4, 12.0, 12.6, 13.5, 17.0, 18.1 na 19.0. Chukua wa kwanza, 9.2, ongeza asilimia 15, unapata karibu 10.6. Kwa hiyo 9.2, 9.8 na 10.4 ni kundi moja. Anza upya na 12.0: kikomo ni 13.8, kundi la pili linafungwa kwa 13.5. Anza na 17.0: kikomo ni karibu 19.6, watatu waliobaki wanaingia. Sasa una fainali tatu badala ya moja, na katika kila moja mtu anaweza kushinda au kushindwa kwa unyoya. Wa sekunde 19 anaweza kuvaa dhahabu ya kundi lake, na hakuna aliyempunguzia mtu kasi.

Patatokea kocha atakayemwambia mchezaji wake atembee siku ya kupimwa ili apangwe na wa chini. Ndiyo maana mnapima mara tatu, na ndiyo maana kwenye mashindano makubwa mchezaji anayekimbia fainali kwa kasi iliyopita mno ile aliyoonyesha kwenye mchujo anaweza kuondolewa.

Hatua ya 8: Changanya timu

Baada ya miezi mitatu hivi, jaribu michezo jumuishi, ambako wenye ulemavu wa akili na wasio nao hucheza timu moja. Katika mpira wa miguu wa watano, uwanjani huwa wachezaji watatu wenye ulemavu na wenza wawili, na wa saba huwa wanne kwa watatu. Chagua wenza wa umri na uwezo unaokaribiana. Mwenza nyota atakayepiga chenga timu nzima na kufunga peke yake, mrudishe kwenye ligi yake.

Hatua ya 9: Bisha milango ya juu

Kikundi kikishasimama, nenda kwa afisa michezo na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usajili wa klabu hufuata utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Watafute Special Olympics Tanzania, wanaotambua wanamichezo kuanzia miaka 8 bila ukomo wa uzee. Wadogo wa miaka 2 hadi 7 wana mpango wao wa michezo ya kujifunza. Kwenye matukio yao waulizie pia upimaji wa afya wa bure, ulioanzishwa 1997, wa macho, meno, masikio na miguu. Mchezaji anayekosa mpira kila mara huenda kinachomsumbua ni macho tu.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, ni wa shughuli za kiuchumi. Usiuombe kwa ajili ya jezi. Wazazi wa kikundi waulizie halmashauri kama wanaweza kuuomba kwa ufugaji wa kuku au ushonaji, na faida yake ikanunua jezi.

Ukipata mwenye kipaji hasa, ujue Special Olympics na Paralimpiki, mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu wa aina mbalimbali, ni njia mbili tofauti. Paralimpiki ina daraja la T20 la mbio na S14 la kuogelea kwa wenye ulemavu wa akili, na uthibitisho wake ni mkali. Sababu ni Sydney 2000: timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu, kisha ikagundulika kuwa wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Waliolipa ni wenye ulemavu wenyewe, waliofungiwa nje hadi London 2012. Kwa hiyo tunza vyeti vya shule na vya tathmini tangu sasa.

Jumamosi baada ya mashindano

Usipumzishe kikundi. Mazoezi yawepo wiki hiyo hiyo, saa kumi, lango lile lile, hata kama wewe umechoka na mipira ina pancha. Ita majina kwa daftari. Asiyekuja Jumamosi moja, mpigie mzazi. Asiyekuja mbili, nenda kwao kabla ya ya tatu, na ukifika usianze na lawama. Mara nyingi utakuta nauli imekosekana, dawa zimekwisha, au kaka aliyekuwa akimsindikiza amepata kibarua. Nauli na msindikizaji mnaweza kuvimaliza hapo hapo kibarazani. Dawa, mpigie muuguzi wa kliniki.